Aliyekutwa Mezani

Mwaka 2016 kompyuta yetu pale Tabata ilianza kugeuka buluu. Kioo kizima buluu, maandishi meupe, sekunde mbili tatu, kisha inajiwasha upya. Ilikuwa ya mtumba. Mama aliinunua Kariakoo zamu yake ya upatu ilipofika, ili niandikie utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, aliruhusiwa kuitumia nikiwa sipo.

Mara ya kwanza ilinipotezea kurasa nne. Mara ya pili niliingia sebuleni nikamkuta amekaa, hedifoni masikioni, ubuluu mbele yake.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, dada. Imejizima yenyewe."

Mara ya tatu, yeye tena. Ushahidi ulikuwa wazi: nikiandika mimi, siku tatu zinapita salama, akikaa yeye, nusu saa haiishi. Nikamwambia Mama kwamba dogo anapakua magemu yenye virusi. Mama hakujua virusi vya kompyuta ni kitu gani, lakini alijua upatu ule ulivyomgharimu. Alimsema hadi majirani wakasikia, akampiga marufuku kuigusa. Nami nikahamishia utafiti wangu kwenye flashi, nikaanza kuifuta kompyuta yote ili nipige Windows upya. Alisimama mlangoni.

"Dada, humo kuna folda yangu."

Nikamjibu kwamba magemu atayapata tena.

Siku mbili baadaye, usiku, nikiwa peke yangu na Windows mpya, kioo kikageuka buluu.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Kwenye mipangilio ya Windows kuna tiki inayoiruhusu kompyuta ijiwashe upya kila inapoanguka. Nikaiondoa ili maandishi yabaki kiooni, nikaweka daftari pembeni. Jumatatu nikaandika 0x00000050. Jumatano 0x0000001A. Ijumaa 0x0000000A. Kila namba niliyoitafuta ilinipa mshukiwa mwingine. Nikabadilisha draiva ya kadi ya picha, nikapima diski, nikafungua boksi na kupuliza vumbi. Bado.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kule kubadilika kwa namba kulikuwa dalili. Draiva mbovu mara nyingi huangusha kompyuta kwa namna ileile. Namba zikirukaruka bila mpangilio, shuku RAM. Sehemu moja ya RAM ikiharibika, programu huweka kitu pale na kurudishiwa kingine. Anayeanguka ni yeyote aliyepitia hapo wakati huo, na ndiye jina lake linaloandikwa. Windows nayo, ikigundua kwamba haiwezi tena kuamini ilichonacho kichwani, hujisimamisha isije ikaharibu zaidi. Kile kioo cha buluu ni breki.

Nikaweka MemTest86 kwenye flashi, nikaiacha ipime usiku kucha. Alfajiri kulikuwa na mistari myekundu. Kompyuta ilikuwa na RAM mbili za GB 2. Nikazichomoa, nikasugua meno yake kwa ufutio, nikapima moja moja. Moja ilipita. Nyingine ikatoa wekundu, tena mahali palepale.

Nilikaa sakafuni nikiwa nimeishika. Ushahidi wangu haukuwa wa uongo: kweli ilianguka zaidi akiitumia yeye. Kuandika kwangu kulikuwa kazi nyepesi, kulitumia RAM kidogo, na mara nyingi hakukufika penye ubovu. Yeye alifika haraka, kwa sababu alichokuwa akifungua kilihitaji nafasi kubwa. Kitu gani? Sikuwahi kumuuliza.

Nilimuuliza asubuhi ile, akivaa viatu vya shule. Akaniambia hakuwa na magemu. Alikuwa na FL Studio, akitengeneza biti za singeli. Zilikuwa kumi na moja. Zote zilikuwa kwenye ile folda.

Nilimwambia Mama kwanza, mbele yake, kwamba kosa lilikuwa langu. Mama akanyamaza, kisha akamwita mwanawe kwa jina la babu yake, kama anavyofanya akitaka kusamehewa bila kuomba. Mimi niliomba. Akaichukua ile RAM mkononi mwangu, akaigeuza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Ndogo," akasema, akabeba begi lake.

Nilijaribu programu ya kurejesha mafaili. Ilirudisha vipande viwili visivyofunguka. Kompyuta iliendelea na RAM moja, polepole, na haikugeuka buluu tena. Nilimaliza utafiti.

Nilimwambia kwamba sasa anaweza kuitumia muda wowote anaotaka. Ilipita karibu mwezi kabla hajakaa tena pale mezani. Siku aliyorudi aliniomba kitu kimoja tu: nimnunulie flashi yake mwenyewe.