Kigae Chenye Tundu: Uzi Uliosokotwa Kilwa Kisiwani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kusini husafiri takriban kilomita 300 kabla ya kufika Kilwa Masoko. Hapo hushuka gatini, akapanda mashua, na baada ya kuvuka mkono mfupi wa bahari hujikuta Kilwa Kisiwani, mji uliokuwa miongoni mwa miji tajiri ya Waislamu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Wenyeji humwonyesha kwanza Gereza, ile ngome iliyo karibu na ufuko. Kisha humpeleka Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza katika karne ya 11, na mwisho Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Mgeni huinua macho kutazama kuba na matao, na ana haki ya kustaajabu. Makala haya yanamwomba msomaji ainamishe macho, atazame anapokanyaga.

Ardhi ya Kisiwani imejaa vigae vya vyungu vilivyovunjika karne nyingi zilizopita. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta kwamba baadhi ya vigae hivyo vilikuwa vimechongwa kwa makusudi. Vilisuguliwa kingo mpaka vikawa mviringo, upana wa sentimita chache tu, kisha vikatobolewa katikati. Asiyejua angevidhani ni shanga kubwa au vitu vya kuchezea watoto. Kumbe ni sehemu ya chombo cha kusokotea uzi wa pamba.

Namna ya kukitumia ni rahisi kueleza, ingawa mkono huchukua muda mrefu kuizoea. Kijiti chembamba hupitishwa katika tundu la kigae na kukazwa. Msokotaji huvuta nyuzinyuzi za pamba kidogo kidogo, huzifunga kwenye kijiti, kisha hukizungusha kwa vidole. Kijiti kitupu kingezunguka mara chache na kusimama. Uzito wa kigae ndio unaokifanya kiendelee kuzunguka, na kila mzunguko huitia pamba msokoto unaoifanya ishikamane na kuwa uzi. Mtoto aliyewahi kuchezesha pia anaijua siri hii. Uzi ukirefuka, huzungushiwa kwenye kijiti, na kazi huanza upya.

Kabla ya mfumi kuketi penye kitanda chake cha kufumia, ilibidi uzi mwingi uwe umekwisha kusokotwa kwa namna hii, pima baada ya pima. Kwa hiyo kila kigae chenye tundu ni ushahidi wa saa nyingi za subira. Chungu kilichovunjika jikoni hakikutupwa, bali kilipewa kazi ya pili. Hatujui majina ya waliovishika vigae hivyo, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Majina ya masultani tunayo, maana yalipigwa chapa kwenye sarafu za shaba.

Nguo imo hata katika habari za asili ya mji. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyekuja kutoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Wanahistoria hujadiliana kuhusu simulizi hiyo, lakini inatuonyesha jinsi nguo ilivyothaminiwa na wasimulizi wake. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu ilifuma nguo zilizobeba jina la mji huo na kupelekwa hadi Misri. Huko Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya Kilwa, Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba Waislamu wa pale walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi, walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Habari hiyo ya kufumua humkumbusha msomaji Sura ya An-Nahl. Katika aya ya 92, Mwenyezi Mungu anapowaonya waja Wake wasivunje viapo na ahadi, anatupigia mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mfano huu huwa mzito zaidi kwa aliyekwisha kuona kazi ya kusokota. Uzi ulio imara umekula siku nzima, na kuufumua huchukua muda mfupi tu. Watu wa Sofala walifumua ili wafume kitu kipya. Mwanamke wa mfano alifumua, akabaki na nyuzinyuzi zisizofaa kitu.

Je, sisi tumeufanya nini uzi tuliorithi? Nguo za India, na baadaye merikani iliyoletwa na meli za Marekani katika karne ya 19, zilikuwa rahisi kupatikana, na usokotaji wa pamba ukafifia katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Hilo ni jambo la biashara, wala hatumlaumu mtu. Lakini dada zake kazi hiyo wangali hai. Wapo mama zetu wanaosokota kamba za makumbi kwa viganja, na wapo wanaosuka ukili wa mikeka tunayosalia. Ujuzi huo hupita kutoka mkono hadi mkono, na mkono mmoja ukikataa kupokea, uzi umekatika.

Basi familia itakayojaaliwa kuzuru Kilwa iwaonyeshe watoto vigae pamoja na kuba. Waelezwe kazi ya kigae chenye tundu, na wakikiona wakiache pale pale kilipo. Kigae kikitolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari yake, kwa maana mtaalamu huijua zama ya kitu kwa tabaka la udongo lililokilaza. Tena sheria ya nchi inakataza kuchukua vitu vya kale. Na wakirejea nyumbani, watoto wakae na bibi yao siku moja awafundishe kusokota kamba au kusuka ukili, angalau urefu wa pima moja.