Timu Isiyokuwa na Mtaa

Katika mji wa Istanbul, ambao wazee wetu wa pwani walizoea kuuita Stambuli, mtu huzaliwa timu yake ikiwa imekwisha kumchagua. Mtoto wa Kadıköy, upande wa Asia wa mlango wa bahari wa Bosporus, huipokea Fenerbahçe kutoka kwa babake pamoja na jina la ukoo. Wa ng'ambo ya pili, aliyekulia kando ya gati la Beşiktaş, hana hiari ila kuwa wa Beşiktaş. Na Galatasaray, iliyoasisiwa mwaka 1905 na wanafunzi wa skuli mashuhuri ya mji ule, imejipatia wafuasi katika kila pembe ya nchi, hata katika vijiji vya mashariki ambavyo watu wake hawajapata kuiona Bosporus kwa macho yao. Klabu hizi tatu zilikuwapo kabla ya kuwapo kwa jamhuri yenyewe, zina timu za kandanda, za mpira wa kikapu na za michezo mingineyo, na mwenye kuzipenda huzipenda zote kwa jumla, wala haulizwi sababu.

Nimeyatanguliza haya ili msomaji afahamu jinsi klabu ninayotaka kuieleza ilivyokuwa ngeni katika mji wake wenyewe. Efes Pilsen, ambayo leo huitwa Anadolu Efes, haikuzaliwa mtaani wala skulini. Ilizaliwa mwaka 1976 katika afisi za kampuni ya kutengeneza bia, kampuni hiyo ilipoichukua Kadıköyspor, timu ndogo ya daraja la pili iliyokuwa imeelemewa na uchache wa fedha, ikaivika jina jipya na kuipa riziki ya uhakika. Haikuwa na timu ya kandanda ya kuiazima mashabiki. Kazi yake yote ilikuwa mpira wa kikapu. Mwaka 1978 ikapanda daraja la kwanza, na msimu ule ule wa mwanzo, uliokwisha mwaka 1979, ikatwaa ubingwa wa Uturuki mbele ya klabu zilizoitangulia kuzaliwa kwa miaka sabini hivi. Watu wakastaajabu, wakaiheshimu, lakini mapenzi hawakuipa, kwani nani atakayelia usiku kwa ajili ya kampuni?

Mimi niliingia Istanbul mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanafunzi kutoka Unguja, nikapanga chumba Zeytinburnu kwa mzee mmoja ambaye umri wake wote alikuwa fundi wa kudabighi ngozi katika viwanda vya Kazlıçeşme, kabla viwanda vile havijahamishwa na kupelekwa mbali na mji kwa sababu ya harufu yake. Nilimwita ami, naye akiniita mwanangu. Karibu na hapo palikuwa na ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1989 na kupewa jina la Abdi İpekçi, mhariri wa gazeti la Milliyet aliyeuawa kwa risasi mwaka 1979. Tiketi za Efes zilikuwa rahisi, viti vilikuwa tele, na wakati wa baridi ukumbi ulikuwa na joto kuliko chumba changu. Na ingawa sababu hizi si za kujivunia, ndizo zilizoniingiza mlangoni mara ya kwanza.

Lakini palikuwa na jambo moja lililonitia tashwishi. Nimelelewa katika nyumba ambayo pombe haikutajwa ila kwa kukemewa, nami nilikuwa nimeketi nikiwapigia makofi vijana waliobeba kifuani jina la bia, tena kwa herufi kubwa. Nikamweleza ami, ambaye alikuwa mtu wa sala tano na hakuwahi kukosa jamaa ya Ijumaa, nikitaraji kwamba atanikataza. Akafikiri kwa muda, kisha akaniambia: "Mwanangu, sisi twaenda kutazama mikono yao. Vifua vyao tumwachie mwenye kuhesabu." Sikuridhika kwa ukamilifu, na kwa miaka mingi sikununua fulana yao, lakini niliendelea kwenda.

Nilichokikuta mle ndani hakikufanana na kandanda ya Istanbul, ambayo ni ngoma, moshi na matusi. Watazamaji wa Efes siku zile walikuwa wachache na watulivu: wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa afisini, akina mama waliokuja na watoto wao, na watu kama mimi ambao mji ule haukuwa umewarithisha timu yoyote. Mwalimu wao, Aydın Örs, alikuwa amewafunza vijana wake kuzuia kabla ya kufunga. Walimsonga mwenye mpira tangu alipoupokea, wakaziba kila njia ya kuelekea kikapuni, hata timu pinzani ikajikuta inarusha mpira kutoka mbali kwa kukosa la kufanya huku sekunde zikiyoyoma. Aghalabu alama zilikuwa chache, na wako waliosema kwamba mchezo ule ulikuwa mkavu. Mimi nasema ulikuwa na utukufu wake, kwa kuwa kila kikapu kilipatikana kwa jasho na kilijulikana thamani. Mwaka 1993, huko Torino, nchini Italia, walifika fainali ya Kombe la Ulaya, wakafungwa na Aris ya Thessaloniki alama 50 kwa 48. Mbili tu. Ami hakunena neno siku mbili, na mimi ndipo nilipotambua kwamba timu hii isiyokuwa na mtaa ilikuwa tayari imejipatia nyumba moja katika Zeytinburnu.

Katika timu ile alikuwamo Petar Naumoski, Mmasedonia wa mji wa Prilep, aliyewahi kuwa kijana wa akiba katika timu ya Split iliyotawala Ulaya, kisha akaja Efes mwaka 1992. Hakuwa na kimo cha kutisha wala mwili wa kushangaza. Alikuwa na akili ya mchezo na moyo usiopapatika; mpira ulipokuwa wa mwisho na ukumbi umeshika pumzi, yeye ndiye aliyekuwa na haraka ndogo kuliko wote. Msimu wa 1995 na 1996 alizungukwa na watu waliofahamiana vyema: Ufuk Sarıca, Tamer Oyguç, Volkan Aydın, Mmarekani Conrad McRae aliyeruka juu ya vichwa vya watu, na kijana Mirsad Türkcan, ambaye kila mpira uliogonga chuma na kurudi aliuona kuwa ni haki yake.

Walikuwa wakishindania Kombe la Korać, lililopewa jina la Radivoj Korać, mchezaji wa Yugoslavia aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1969. Fainali yake ilichezwa mara mbili, nyumbani na ugenini, na alama za mechi zote mbili zikajumlishwa pamoja. Mpinzani alikuwa Stefanel ya Milan, na ndani yake walikuwamo Dejan Bodiroga, Nando Gentile na Rolando Blackman, huku mwalimu wao akiwa Bogdan Tanjević. Mechi ya kwanza, mwezi wa Machi 1996, ilichezwa Abdi İpekçi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda nilikosa pa kuweka mguu: watu wa Fenerbahçe, wa Galatasaray na wa Beşiktaş, ambao siku nyingine hawakuweza kuketi safu moja, walikuja wote. Efes ikashinda 76 kwa 68. Alama nane ni akiba ndogo kwa mtu anayesafiri kwenda Milan.

Mechi ya pili tuliitazama kwenye televisheni ya ami, sebule ikiwa imejaa majirani, wengine wao wakiwa hawajapata kuijua kanuni hata moja ya mchezo huu na wakiuliza kila mara ni nani anayeongoza, jambo ambalo halikuwa rahisi kulijibu, kwa kuwa Milan iliongoza uwanjani ilhali sisi tuliongoza katika jumla, kisha jumla nayo ikaanza kuyeyuka. Milan ilishinda 77 kwa 70. Ukijumlisha, Efes ilikuwa na 146 na Milan 145. Kwa alama moja likapatikana kombe la kwanza la Ulaya kwa klabu ya Kituruki katika mpira wa kikapu, miaka minne kabla ya Galatasaray kulitwaa lile la UEFA katika kandanda. Ami alinikumbatia akilia, nami nikalia pamoja naye, na barabarani magari yalipiga honi hadi karibu na alfajiri. Watu waliokuwa wakisema "timu ya kampuni" wakaanza kusema "timu yetu", na kwa kadiri nilivyoona hawakurudi tena kwenye msemo ule wa zamani.

Baada ya hapo klabu ilikuwa chuo kwa taifa zima. Mirsad aliteuliwa mwaka 1998 kuingia ligi ya NBA ya Marekani, Mturuki wa kwanza kupata nafasi hiyo. Hidayet Türkoğlu, aliyelelewa na Efes tangu ujana wake, akamfuata mwaka 2000. Na Mehmet Okur, aliyeondoka Istanbul mwaka 2002, akawa bingwa wa Marekani pamoja na Detroit mwaka 2004. Wengine wakafuata katika miaka iliyokuja, Cedi Osman na Furkan Korkmaz miongoni mwao. Aydın Örs mwenyewe akapewa timu ya taifa, akaifikisha fainali ya Ulaya mwaka 2001. Efes ilishika nafasi ya tatu Ulaya mwaka 2000 na tena 2001, kisha ikatwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo kuanzia 2002 hadi 2005. Na majira yana mambo: mwaka 2010, Uturuki ilipofika fainali ya dunia mjini Istanbul na kufungwa na Marekani 81 kwa 64, nahodha alikuwa Hidayet, na mwalimu alikuwa Bogdan Tanjević, yule yule tuliyemnyang'anya kombe kwa alama moja.

Mwaka 2011 zikatoka kanuni zilizokataza timu za michezo kubeba majina ya vinywaji vya kulevya, na Efes Pilsen ikawa Anadolu Efes. Wako walioona kwamba klabu imenyimwa nafsi yake, nami nayaelewa machungu yao, kwani makombe yote yaliyomo kabatini yalipatikana kwa jina lile la kwanza. Hata hivyo sitaficha kwamba mimi nilipata faraja. Wiki ile nilikwenda dukani nikanunua fulana mbili za buluu na nyeupe, moja yangu na moja ya ami, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka na miguu yake haikuweza tena kupanda ngazi za ukumbini. Aliivaa juu ya sweta yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya fedha nyingi na matunda machache. Tangu 2009 ubingwa wa nchi ulikuwa umetoroka, Fenerbahçe ikawa ndiyo sultani wa mchezo na bingwa wa Ulaya mwaka 2017, na msimu wa 2017 na 2018 Efes ilimaliza ya mwisho kabisa katika EuroLeague, ligi kuu ya klabu za Ulaya: mechi 7 za kushinda, 23 za kushindwa. Katikati ya msimu ule alirudishwa Ergin Ataman, aliyekuwa mwalimu wakati wa nafasi za tatu, mtu wa maneno makubwa ambaye wengi hawakumpenda. Kiangazi kilichofuata wakaletwa Shane Larkin kutoka Boston na Vasilije Micić, Mserbia kutoka Žalgiris ya Lithuania, wakaungana na Bryant Dunston na Krunoslav Simon. Na ile timu ya mkiani, baada ya mwaka mmoja tu, ikawa inacheza fainali ya Ulaya huko Vitoria. CSKA ya Moscow iliwafunga 91 kwa 83, lakini nusu fainali walikuwa wameishinda Fenerbahçe 92 kwa 73, na mwezi uliofuata wakalirudisha taji la Uturuki.

Timu bora niliyopata kuiona kwa macho yangu ni ile ya msimu wa 2019 na 2020. Usiku mmoja wa Novemba Larkin aliwatia Bayern alama 49 peke yake, rekodi ya mashindano iliyodumu hadi 2024. Walikuwa wameshinda mechi 24 na kupoteza 4 pale maradhi ya korona yalipokuja, msimu ukafutwa, na hakuna aliyetawazwa. Niliona huzuni kubwa, na sikuona haya kuhuzunikia mchezo katika wakati wa misiba mikubwa zaidi, kwa kuwa ami alifariki mwaka ule, na jambo ambalo tungelizungumza pamoja halikutokea. Mwaka uliofuata, kumbi zikiwa bado zimefungiwa watazamaji, Efes iliishinda Barcelona 86 kwa 81 huko Cologne na kuwa bingwa wa Ulaya; na mwaka 2022 huko Belgrade, Micić alipokwisha kuitoa Olympiacos kwa mtupo wa mbali wakati saa inakwisha, ikaishinda Real Madrid 58 kwa 57. Alama moja tena, na kwa ulinzi tena. Nilipotazama namba zile niliona kazi ambayo Aydın Örs asingeikana.

Ataman ameondoka tangu 2023, Micić naye ameondoka. Abdi İpekçi ulibomolewa mwaka 2018, na mahali pake pamejengwa ukumbi mpya ambamo klabu huchezea sasa, hapo hapo Zeytinburnu, na tiketi si rahisi tena wala viti si tele. Huja vijana wenye ngoma, wanaozijua nyimbo zote, waliozaliwa katika mapenzi haya na kuyapokea kutoka kwa wazazi wao. Huja pia wanafunzi wetu kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambao sasa ni wengi Istanbul, na baada ya mechi hukaa nami mkahawani tukibishana nani mkubwa zaidi, Larkin au Naumoski. Wao wote ni wa Larkin. Mimi huwaambia kwamba Larkin ni mwepesi zaidi, hupiga mbali zaidi, na makombe yake ni makubwa zaidi. Lakini alipofika alikuta klabu yenye jina, ukumbi na watu. Naumoski alikuta viti vitupu, na alipoondoka havikuwa vitupu tena.