NANI ANASHIKA UFUNGUO WA DEKODA?

Watu wengi wakisikia neno dekoda wanafikiri tu antene na mpira wa miguu. Lakini ndani ya kile kisanduku kuko kompyuta nzima, pamoja na memori na programu zake. Ni nani anaamuru hiyo kompyuta: yule aliyeinunua, ao yule aliyeitengeneza?

Kwetu nyumbani kuko dekoda moja ya kampuni ya chaneli. Baba aliinunua kwa pesa yake, na risiti iko. Lakini mwezi ukiisha bila kulipa, hata vipindi tulivyorekodi sisi wenyewe havionekani tena. Mwaka jana ilizimika kabisa. Fundi wa kwetu aliifungua, akakuta kondensateri imevimba, akaibadilisha, ikawaka. Chuma alikiweza. Programu haikumruhusu aguse hata kidogo.

Tuseme kwa haki: kampuni kufunga chaneli zake si wizi. Inanunua ruhusa ya kuonyesha mpira, inapaswa kupata pesa yake. Lakini kufunga chaneli ni jambo moja, kufunga kisanduku cha mtu ni lingine.

Kule Marekani jambo hili lilileta mabishano makubwa. Mwaka 1999 kampuni TiVo ilianza kuuza kisanduku cha kurekodi televisheni ku diski. Ndani walitia Linux, ile programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuibadilisha. Leseni yake, GPL, inadai kwamba ukiwagawia watu programu uwape na maandishi yake. TiVo walitii, maandishi waliyatoa. Sasa angalieni ujanja! Kisanduku kikiwashwa kinapima kwanza sahihi ya programu. Kikikuta umebadilisha hata mstari mmoja, kinakataa. Ni kama mtu akufundishe kupika sombe, akuuzie na chungu, halafu chungu kigome siku unaongeza chumvi.

Richard Stallman, aliyeandika leseni hiyo, alikasirika. Aliuita mtindo huo «tivoization», na mwaka 2007 ikatoka GPL ya tatu ili kuuzuia. Torvalds hakumfuata. Yeye aliona kwamba leseni ni ya programu, na mwenye kutengeneza chuma ana uhuru wake. Linux ikabaki ku GPL ya pili mpaka leo. Wakubwa wawili, na hawakusikilizana. Mimi niko upande wa Stallman, maana chuma chenyewe baba alikwisha kukilipa.

Kuko njia ingine, inaitwa Kodi. Ilianza mwaka 2002 ku Xbox, mashini ya michezo ya Microsoft, na ilitembea tu ku zile ambazo watu walikuwa wamevunja kufuli yake. Jina Kodi lilikuja mwaka 2014. Leo unaweza kuitia bure hata ku Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35 (ikifika kwetu bei ni mambo mengine). Lakini Kodi haina filamu wala chaneli ndani. Ni tupu mpaka wewe utie.

Yaya wangu aliipanga moja nyumbani, ikamchukua siku tatu. Mama alisema: «Dekoda unabonyeza tu, picha inakuja. Hii yenu inataka mwanafunzi akae pembeni.» Ana haki. Siku moja umeme ulikatika ghafula, kadi ya memori ikaharibika. Yaya aliandika programu upya jioni ile ile, bila kuomba mtu ruhusa.

Sasa ndani kuko nyimbo za kwaya, harusi ya shangazi, na masomo ya fizikia. Juzi yaya alifungua faili ya maneno ya menyu, akaanza kuyatia katika Kiswahili. Ku dekoda ya baba ni Kifaransa na Kiingereza tu, hakuna pahali pa kubadilisha. Neno «Zima» njo alianza nalo, kwa ajili ya mama. Wamefika ku «sous-titres». Mama anataka «maneno ya chini», yaya anasema ni marefu, hayaingii ku kioo. Wangali wanabishana.