Simu Ilikuwa Yangu, Mtihani Ulikuwa Wake

Leo ubuyu nauweka pembeni kidogo, kesho naurudia, msihame.

Juzi staa mmoja wa kike wa hapa mjini, jina kapuni, kaposti picha ya mwanae anasomea nyumbani. Mtoto kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, mbele tableti, pembeni juisi, juu kiyoyozi. Kapsheni inasema elimu inaanzia nyumbani. Watu wakamshukia. Ooh anaringa, ooh mtoto mwenyewe hata skrini haangalii. Na mimi nilikuwa nimeshaandika posti ya kumchamba, bado kubonyeza tu. Nikaifuta. Nilikumbuka mwaka 2020 kwetu Mbagala, nikaona mimi ni mtu wa mwisho kabisa kumsema mzazi yeyote kwa habari ya mtoto kusomea nyumbani. Sababu nawapa leo, na nawaomba msinitukane sana.

Januari 2020 mdogo wangu wa kike alianza fomu foo. Nyumbani lilikuwa jambo kubwa kwa sababu mimi nilishaharibu. Nilimaliza 2017 na Division Four ya pointi 29, Hisabati F, na baba alikaa wiki nzima haniambii kitu zaidi ya "pisha hapo". Kwa hiyo macho yote yakahamia kwa huyu binti. Baba ni fundi seremala, anafanyia kazi Keko. Mama anauza vitumbua na chapati asubuhi nje ya nyumba tuliyopanga. Vyumba viwili, sisi watu watano, na kitindamimba wetu alikuwa darasa la tatu.

Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini. Kesho yake serikali ikafunga shule kwa siku 30. Mdogo wangu alirudi na begi limejaa madaftari akasema mwezi mmoja si mwingi, atarudia topiki za fomu tuu na fomu sirii. April ikafika, tukaambiwa shule zinaendelea kufungwa, na safari hii hakuna aliyesema mpaka lini. Hapo ndipo mwaka wake wa fomu foo ulipoanza kweli, na darasa lilikuwa kwetu.

Redioni na kwenye TV vikaanza kurushwa vipindi vya masomo. Shuleni kwao walimu wakafungua grupu la WhatsApp, wakaomba namba za wazazi. Sasa kwetu baba ana kitochi, mama ana kitochi, mwenye simu janja ni mimi peke yangu, Tecno yenye kioo kilichopasuka kona. Ikaenda namba yangu. Basi nikiwa na miaka 20, sina mke wala mtoto, nikaingizwa kwenye grupu la wazazi wa kidato cha nne. Mwalimu anaandika "wazazi habari za asubuhi", na mimi najibu "nzuri mwalimu, shikamoo".

Wiki ya kwanza nilikuwa mzazi mzuri. Picha za notisi zikija namwonyesha, voisi namfungulia. Wiki ya pili nikachoka. Kumbukeni ndiyo kipindi nilikuwa naanza hizi kazi za blogu. Shoo hakuna, mastaa wamekaa majumbani, kila usiku mtu yuko laivu anamwaga siri zake bila kulazimishwa. Kwangu ilikuwa neema. Nikiona bando linaisha kwa sababu ya mapicha ya notisi, roho inaniuma. Nikaenda kwenye setingi nikazima zile picha zisijishushe zenyewe, nikalinyamazisha grupu. Mdogo wangu akija, "Kaka, kuna kitu wametuma?" mimi namjibu bila kunyanyua macho, "Hamna."

Hamna. Karibu wiki tatu nilisema hivyo.

Na yeye mchana wake haukuwa wa kusoma. Mtoto wa kike akionekana nyumbani kazi zinamfuata zenyewe. Achote maji, aoshe masufuria ya vitumbua, amwangalie mdogo, aende mashine kusaga mchele. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Kila mtu alikuwa anasema tu, "kwa kuwa upo, nisaidie hapa". Ukijumlisha hizo "nisaidie hapa" unakuta jua limezama. Jioni baba anarudi, kazi zimepungua, anauliza, "Unasoma?" Anajibiwa, "Nasoma, baba." Anaridhika. Wote tulikuwa tunamwombea afaulu, ila hakuna aliyeacha chake.

Mwanzoni mwa Mei, mfungo wa Ramadhani umeshika, mwalimu wake wa Hisabati akanipigia. "Mzazi, mwanao hajatuma kazi hata moja. Kuna tatizo nyumbani?" Nikasema mtandao unasumbua mwalimu. Uongo mwingine. Nikakata simu nikaenda kumgombeza yeye, ndiyo, yeye, kwamba ananiaibisha.

Akaniangalia tu. Akaingia ndani akatoka na daftari. Maswali yote ya wiki tatu yalikuwa mle, yamejibiwa, kila kazi ina tarehe. Kumbe akitumwa mashine anapitia kwa mwanafunzi mwenzake kule Kizuiani, ananakili maswali haraka haraka kwenye simu ya mama wa mwenzake, anarudi mbio na unga kichwani. Usiku wengine tukilala anajibu kwa mwanga wa tochi. Kilichomshinda ni kutuma tu, maana kule aliona aibu kuomba na bando la watu.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukuniambia unajua?"

Akasema, "Simu ni yako, kaka. Na ndiyo kazi yako."

Wadau, nimeshatukanwa na mashabiki wa mastaa wakubwa wa nchi hii, nimeshatishiwa kupelekwa polisi. Hakuna neno lililowahi kunikalia kifuani kama lile, na hakulisema kwa hasira.

Kitindamimba wetu alikuwa anasikiliza mlangoni. Tumekaa kwenye futari, muhogo wa nazi katikati, yeye akamwaga yote. Baba akaacha kula. Mimi nikajiandaa kwa lolote. Aliyeongea ni mama, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Simu ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na umeme unaochajia wa nani?"

Nikanyamaza. LUKU alikuwa ananunua yeye kwa hela ya vitumbua.

"Basi kuanzia kesho, saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, simu inakaa na mwenye mtihani. Maji atachota kaka yake. Mashine ataenda kaka yake. Kila siku mimi natoa mia tano ya bando, baba yenu atoe mia tano. Tule tumalize, daku mbali."

Kesi ikaisha. Asubuhi yake nilibeba ndoo mpaka bombani, wapangaji wenzetu wakanipigia vigelegele.

Baba naye, bila kusema kitu, baada ya siku mbili akarudi na meza aliyoiunga kwa mabaki ya mbao. Kwetu hatukuwahi kuwa na meza ya kusomea. Ikakosa pa kukaa, tukaiweka koridoni karibu na mlango, na kila mpangaji akipita na ndoo yake anasema, "samahani mwalimu".

Mwanzoni nilikaa naye pale kwa ajili ya kuilinda simu yangu, nisiwadanganye. Nikajikuta nasikiliza. Uzuri wa voisi ni kwamba hujaelewa unarudisha, na mwalimu hakuoni kama mjinga. Mama akiwa anakaanga anasikia somo la Kiswahili, anapiga kelele kutoka nje, "Huyo anaongea mbio, hebu mrudishe!" Siku ya Pitagorasi mdogo wangu alikwama, mimi ndiyo usiseme. Baba akauliza mnababaika nini. Tukamweleza. Akachukua futi na chaki, akapima sakafuni tatu upande huu, nne upande huu, akasema, "Kona ikiwa mraba kweli, hapa katikati lazima uje tano. Isipokuja tano mlango wako utakwaruza." Baba aliishia darasa la saba. Jina la Pitagorasi alilisikia siku ile, lakini kazi yake alikuwa anaifanya miaka yote.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupiga picha majibu na kuyatuma. Mwalimu anasahihisha kwa peni nyekundu, anapiga picha, anarudisha. Siku ya kwanza iliporudi imeandikwa "vizuri", aliyeruka ni mimi.

Sitaki mdhani ilikuwa tamu. Mvua za masika zilivuja juu ya ile meza. Mtandao ulikuwa unakata katikati ya voisi. Kuna siku mia tano ya baba haikuwepo. Na zile picha za wiki tatu nilizozipuuza, nyingi hazikufunguka tena, ikabidi tuwaombe walimu upya mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyeandika zile meseji za msamaha. Halafu darasa lao lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia, kwenye grupu tulikuwa wazazi 41. Waliobaki walikuwa wanasoma na nani? Shule zilipofunguliwa Juni 29, mwenzake aliyekuwa anakaa naye dawati moja hakurudi. Tukasikia kapelekwa kufanya kazi za ndani. Huyo wala hakupata hata kaka wa kumdanganya "hamna".

Mtihani akafanya Novemba. Januari 2021 matokeo yakatoka, Division Two ya 20. Niliyaangalia mimi, kwenye ile ile simu yenye kioo kilichopasuka, mikono inatetemeka kuliko siku nilipoangalia ya kwangu. Baba alitoka nje akajifanya anatafuta nyundo. Sasa hivi mdogo wangu yuko chuo Dodoma, ana simu yake nzuri kuliko yangu, na akinipigia salamu yake ni moja, "Kaka, kuna kitu wametuma?" Tunacheka wote, ila mimi huwa nachelewa kidogo kucheka.

Na mimi Hisabati nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimepata D. Naomba heshima yangu.

Kwa hiyo yule staa mwacheni. Kiti cha kuzunguka na tableti si kosa. Swali ni nani nyumbani ameacha chake ili mtoto asome, na hilo picha haionyeshi, kwake wala kwetu. Picha ya kwetu ingeonyesha familia nzuri imezunguka meza, na hakuna ambaye angejua kilichotokea kabla ya ile meza.

Corona imepita lakini magrupu ya wazazi yapo. Kazi za likizo zinatumwa humo humo, na mimi najua wengi mnaosoma hapa ndiyo "wazazi" wa wadogo zenu kwa sababu simu ni zenu. Kabla hujaendelea na posti nyingine, hebu lifungue hilo grupu ulilolinyamazisha. Ukikuta kuna kitu wametuma, nenda kamwonyeshe mwenyewe, halafu uje hapo chini utuambie zilikuwa meseji ngapi. Mimi nilikuta 412.