Ishirini na nane ziko mbili

Lubumbashi, kinga ni baiskeli. Katika Kiswahili sanifu, kinga ni kizuizi cha madhara. Tairi nazo zina homonimi zao. Ukiomba «28» dukani, unaweza kupewa ya milimita 635, ya kinga nzito zinazobeba makala, au ya 622. Ndogo haiingii kwenye rimu kubwa. Kubwa huchomoka kwenye rimu ndogo. Franka zimekwenda, na chuoni utafika kwa miguu. Kwa hiyo mimi husoma namba ya ubavuni, kama 40-635: kwanza upana, kisha kipenyo cha rimu. Baada ya kununua, kila juma napiga pompi na kung'oa miiba. Tairi yenye upepo kidogo hupasuka ubavuni kabla meno yake hayajaisha.