Vidonge vya Mama

Mama yangu alitulea watoto sita kwa kushona makuti. Aliketi chini ya mwembe uani, magoti ameyakunja, tangu umande haujakauka hata jua likakaribia kuchwa, na katika kijiji chetu karibu na Malindi zilikuwa chache nyumba ambazo mapaa yake hayakupita mikononi mwake. Magoti ndiyo yaliyolipa gharama ya kazi hiyo. Alipofika umri wa miaka sitini yalivimba, yakawa moto ukiyagusa, na kumwinua kutoka mkekani ikawa kazi ya watu wawili. Mimi ni kitinda mimba wake, na siku hizo nilikuwa nimeanza kupokea mshahara wa ualimu. Niliona fahari kumfaa. Kila mwisho wa mwezi nilipita dukani, nikanunua aspirini, nikampelekea pamoja na sukari na majani ya chai.

Alimeza vidonge viwili asubuhi, viwili adhuhuri na viwili usiku. Maumivu yalipungua, uvimbe ukashuka, naye akarudi chini ya mwembe wake. Aliniombea dua, akasema, "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Umenirudishia miguu yangu." Sikumwuliza mganga yeyote neno. Dawa iliyouzwa kando ya kiberiti na sabuni, nani angeiogopa?

Mwezi wa nane mwaka 2009 dada yangu alinipigia simu usiku wa manane. Mama alikuwa ameanguka mlangoni mwa choo. Kwa siku kadha alikuwa akipata choo cheusi kama lami, akaona haya kumwambia mtu. Hospitalini aliongezwa mifuko mitatu ya damu. Daktari aliuliza mgonjwa anakula dawa gani, dada yangu akafungua fundo la kanga ya mama, akatoa kikaratasi cha vidonge. Daktari alikitazama, akasema kwamba hivyo ndivyo vilivyomtoboa tumbo. Hakuuliza ni nani aliyevinunua, wala mimi sikusema.

Alipona. Aspirini ikapigwa marufuku nyumbani kwetu kama pombe.

Miaka saba baadaye, mwaka 2016, mama alipatwa na mshtuko wa moyo. Mshipa mmoja wa damu unaoulisha moyo ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Siku ya kutoka hospitalini daktari, binti mwenye umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu, alinipa orodha ya dawa. Katika mstari wa kwanza palikuwa na aspirini, miligramu 75 kila siku. Niliirudisha karatasi mezani.

"Daktari," nilisema, "dawa hii ilitaka kumwua mama yangu."

"Najua, Mwalimu," akajibu. "Nimeyasoma katika faili lake. Ndiyo sababu nimemwandikia na dawa nyingine ya kulilinda tumbo. Keti nikueleze."

Aligeuza bahasha ya eksirei, akachora nyuma yake. Katika maneno yake alimtaja mtaalamu wa dawa wa Kiingereza, John Vane. Nilikwenda nyumbani na jina hilo, nikatafuta habari zake, na haya ninayoyaandika ni mchanganyiko wa mchoro wa daktari na yale niliyoyasoma baadaye.

Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899. Watu wasiohesabika waliimeza kwa ajili ya kichwa, homa na viungo, na kwa zaidi ya miaka sabini hapana aliyeweza kusema kwa hakika inafanya nini ikishaingia mwilini. Jambo hili hunishangaza hata leo. Tumezoea kudhani kwamba dawa hujulikana kwanza ndipo ikatumiwa. Aghalabu hutumiwa kwanza, na maarifa yakafuata nyuma yakichechemea.

Vane alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Worcestershire. Alipokuwa na umri wa miaka 12 wazazi wake walimpa zawadi ya vifaa vya kemia, naye akaligeuza jiko la mama yake kuwa maabara. Siku moja mchanganyiko wake ulilipuka ukaharibu rangi mpya ya ukutani, na baba yake akamjengea kibanda nje ili nyumba ipate kusalimika. (Ninao wanafunzi wawili au watatu ambao ningewajengea kibanda cha namna hiyo, kama ningekuwa na mbao.) Katika chuo kikuu cha Birmingham alisoma kemia hata ikamchosha. Profesa wake alipomwuliza angependa kufanya nini baadaye, alijibu kwamba lolote, maadamu si kemia. Akapelekwa Oxford kujifunza elimu ya dawa, yaani jinsi dawa zinavyotenda kazi ndani ya mwili.

Chombo chake cha utafiti kilikuwa chepesi kukieleza. Alichukua vipande vya nyama vilivyokuwa bado hai: ukanda wa mshipa mkuu wa damu wa sungura, ukanda wa tumbo la panya, kipande cha utumbo wa kifaranga. Alivitundika kimoja chini ya kingine, akapitisha juu yake damu au maji ya chumvi, matone yakishuka kutoka kipande hata kipande. Kila kipande kiliungwa na wenzo uliochora mstari. Kikijikunja, mstari ulipanda, kikilegea, ulishuka. Homoni moja hukunja hiki na kukilegeza kile, na nyingine hufanya kinyume chake, basi kwa kuisoma mistari aliweza kutambua ni homoni gani inayopita, hata ikiwa ni kidogo mno na maisha yake ni ya dakika chache tu.

Kwa chombo hicho, mwaka 1969, yeye na Priscilla Piper waliona kwamba mapafu ya simbilisi yaliyopatwa na mzio hutoa kitu kinachoukunja mshipa wa sungura kwa nguvu, na kwamba aspirini hukizuia kitu hicho kisitoke. Mwaka 1971, baada ya kuliwaza jambo hilo kwa mapumziko ya mwisho wa juma, alisaga mapafu ya simbilisi, akatia aina ya mafuta ambayo mwili huyageuza kuwa prostaglandini, kisha akatia aspirini. Prostaglandini zilipungua; na kadiri aspirini ilivyoongezwa, ndivyo zilivyozidi kupungua.

Prostaglandini ni homoni za ujirani. Homoni tulizozoea kuzisikia, mathalani insulini, hutengenezwa na tezi zikasafiri katika damu hata mbali. Hizi hutengenezwa karibu kila mahali mwilini, hufanya kazi papo hapo zilipozaliwa, kisha hutoweka. Goti likiumia, ndizo zinazoipanua mishipa midogo ili damu ifurike mahali pale, nasi tukaona wekundu, joto na uvimbe. Ndizo pia zinazozinoa neva zikasikia maumivu upesi. Aspirini hukifunga kiwanda kidogo kinachozitengeneza, ambacho wataalamu hukiita kimeng'enya.

Hapo daktari aliweka kalamu chini, akanitazama. Prostaglandini hizo hizo, alisema, ndizo walinzi wa tumbo. Tumbo husaga nyama kwa asidi kali, na tumbo lenyewe ni nyama. Halijili kwa sababu ndani limepakwa ute, na prostaglandini ndizo zinazouamuru ute huo utoke na damu ipite vyema chini yake. Kidonge hakijui goti wala tumbo. Nilipokifunga kiwanda cha goti nilikifunga na cha tumbo, na mama akanunua nafuu ya magoti kwa ngao ya tumbo lake. Maarifa hayo yalikuwa yamekwisha kuchapwa kabla sijazaliwa.

"Basi kwa nini umrudishie?" nikauliza.

Jibu lake lilihusu mishipa ya damu. Mwaka 1975 Bengt Samuelsson na wenzake huko Uswidi walikitambua kitu kilichopewa jina la tromboksani. Hutolewa na zile chembe ndogo za kugandisha damu. Huzishikamanisha chembe hizo na kuubana mshipa. Mwaka uliofuata Vane, pamoja na Salvador Moncada, Ryszard Gryglewski na Stuart Bunting, waligundua kwamba ukuta wa mshipa nao hutoa kitu cha jamaa ile ile, prostasiklini, ambacho huupanua mshipa na kuzizuia chembe zisishikamane. Hivyo kila siku katika kila mshipa wetu watoto wa ukoo mmoja huvuta kamba, huyu huku na huyu kule. Tukijikata, ni heri mmoja ashinde. Katika mshipa wa moyo uliokwisha kuharibika, ushindi wake ni mauti. Samuelsson na Vane, pamoja na Sune Bergström, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Sasa, aspirini huwafunga wote wawili. Lakini zile chembe za kugandisha damu hazina kiini. Kiwanda chao kikifungwa hawezi mmoja wao kujenga kingine, hubaki hivyo mpaka kufa, na umri wao ni siku kama kumi. Ukuta wa mshipa una seli zenye kiini, nazo hujenga upya baada ya saa chache. Basi kipimo kidogo kila siku humchosha mvutaji mmoja kuliko wa pili. Daktari alinionya kwamba hesabu hii ni ya mtu ambaye moyo wake umekwisha kupatwa na msiba. Mzima akijitwalia mwenyewe dukani huenda akapata hasara ya kutoka damu bila ya faida ya kutosha.

Nilikubali, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimwuliza mama kila Jumamosi habari za choo chake, hata akachoka akaniambia nitafute mke nimwulize yeye.

Katika orodha ile palikuwa na enalaprili pia, dawa ya presha. Nayo ina historia iliyopita katika maabara ya Vane huko London. Kijana Mbrazili, Sergio Ferreira, alikwenda huko na dutu iliyotolewa katika sumu ya nyoka wa kwao, jararaca, ambaye akimwuma mtu presha yake huporomoka. Walipoijaribu iliizuia homoni ya angiotensini, ambayo huibana mishipa, isikamilike. Wanakemia wa Marekani walifuata njia hiyo wakatengeneza kaptoprili, na enalaprili ni mdogo wake. Nilipomweleza mama kwamba kidonge chake asili yake ni nyoka, alikitazama, akauliza kama nyoka huyo yuko Brazili kweli na hayuko Malindi, kisha akakimeza.

Sasa anakaribia miaka themanini. Moyo wake unatulia, na tumbo halijatoka damu tena. Magoti yanamwuma kama zamani, maana miligramu 75 haziyafikii, na kipimo ambacho kingeyafikia hatuthubutu kukigusa. Tumemtengenezea benchi fupi chini ya mwembe ili asiyakunje. Hushona makuti matatu au manne, hupumzika, huyasugua magoti kwa mafuta ya nazi. Jioni mimi huyakusanya makuti, nikayabeba hadi barabarani.