Mwenye ngao nzito na mrusha mikuki

Katika mchezo wa kompyuta Rome: Total War, uliotoka 2004, mtu anaweza kupanga pigano la kujaribu: huku askari wa Kigiriki wenye ngao kubwa na mkuki mrefu, kule warusha mikuki wepesi, kwa fedha sawa. Wazito wakikaribia, wepesi wanarudi nyuma wenyewe, kisha wanarusha tena. Mikuki ikiwaishia, ama wakibanwa kwenye mpaka wa uwanja, wamekwisha.

Huko Lechaeum, karibu na Korintho, mwaka 390 kabla ya Kristo, nafasi ya kurudi nyuma ilikuwepo. Warushaji wa Iphicrates walishambulia kikosi cha Sparta cha watu kama 600. Vijana wa Sparta waliamriwa wawafukuze; hawakukamata mtu, na walipogeuka kurudi, mikuki ikawapata. Askari wazito wa Athene walipojitokeza, Wasparta wakavunjika. Karibu 250 walikufa.

Raia ndio hawamo katika pigano hilo la kujaribu. Hakuna mama mwenye godoro kichwani. Anayecheza anarudia mara kumi kabla ya chai, na wafu wote wanasimama tena mstarini.